Safari ya Siku Mbili Katika Nchi ya Udongo Mwekundu

Kapsoya ni mtaa ulio upande wa mashariki wa mji wa Eldoret. Asubuhi huko ni baridi. Ukungu hukaa juu ya mabati, na watoto huenda shule wamevaa sweta. Mji wenyewe uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni ya kutosha, na mahindi hustawi. Watu wengi waliozaliwa hapo huishi miaka mingi bila kujua ya kwamba mwendo wa saa chache tu kwa motokaa iko nchi nyingine kabisa: nchi ya joto, mawe mekundu, miiba na makorongo, ambako mvua ikinyesha hukimbia kama mgeni aliyesahau kitu nyumbani kwake.

Bwana mmoja wa Kapsoya, mwalimu wa shule, na bibi yake, ambaye ni mwuguzi, walifunga safari kwenda huko siku ya Jumamosi wakati wa kiangazi, wakarudi Jumapili jioni. Watoto waliachwa kwa nyanya yao. Jirani walipouliza, waliambiwa ya kuwa wawili hao wanakwenda kutembea na kupunga hewa. Neno hilo halikuwa uwongo, lakini halikuwa neno lote.

Baba yake Bibi, aliyekwisha kufariki, alimwachia binti yake shamba katika miteremko ya chini ya vilima vya Tugen, si mbali na Kimalel, katika kaunti ya Baringo. Ndugu zake wa kiume hawakupinga, na hati iliandikwa jina lake, kama ilivyo haki tangu Katiba ya mwaka 2010 kukataza ubaguzi baina ya wanaume na wanawake katika mambo ya ardhi. Sasa mnunuzi alikuwa amejitokeza. Fedha alizotaja zingetosha kupiga dari nyumba ya Kapsoya, kutengeneza sakafu, na kulipa karo ya watoto kwa mwaka mmoja.

Bwana alipenda shamba liuzwe. "Mama watoto," alisema, "shamba lisilotoa hata gunia moja ni jina tu." Bibi hakubishana naye. Alisema tu ya kwamba hajalitia shamba hilo machoni kwa miaka ishirini, na ya kwamba mtu hauzi kitu asichokijua. Siku ya kumjibu mnunuzi ilikuwa Jumatatu.

KUSHUKA GENGE LA ELGEYO

Waliondoka alfajiri. Kutoka Eldoret mpaka Iten ni kama kilomita 35, na barabara ni ya lami. Mji wa Iten umesifika ulimwenguni kwa wakimbiaji wake, na saa kumi na mbili asubuhi wasafiri waliwakuta vijana wengi wakikimbia kando ya barabara makundi makundi. Iten iko kama mita 2,400 juu ya bahari. Kisha, bila ya onyo, nchi hukatika. Mbele ya msafiri hakuna tena mashamba wala miti. Kuna anga tupu, na chini yake Bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini, na ng'ambo ya bonde vilima vya Tugen vimelala kama mgongo wa ng'ombe.

Yafaa msomaji ajue jinsi mahali hapa palivyotokea. Zamani sana, miaka mamilioni iliyopita, nchi ilipasuka kutoka kaskazini hadi kusini, na sehemu ya katikati ikadidimia. Moto wa chini ya ardhi ulimwaga mawe yaliyoyeyuka, yakatambaa juu ya nchi, yakapoa yakawa miamba. Huo ndio mwanzo wa Bonde la Ufa. Bonde la Kerio ni tawi lake moja, na genge la Elgeyo ni ukingo uliobaki juu wakati bonde liliposhuka. Mwaka 1883 Bwana Joseph Thomson, Mskoti, pamoja na wapagazi wake wengi waliotoka pwani, walitoka Baringo, wakavuka bonde hili, wakapanda genge hilo kwa miguu. Leo motokaa hulishuka kwa muda mfupi, lakini genge halijapungua ukali.

Bwana, kwa haraka yake, aliteremka akikanyaga breki kila kona. Walipofika karibu na Tambach, mji uliokuwa makao makuu ya wilaya ya Elgeyo-Marakwet wakati wa ukoloni, harufu ya kuungua iliingia ndani ya motokaa. Walisimama nusu saa mpaka magurudumu yakapoa. Ni vema wengine wajifunze kwa kosa hilo: katika mteremko mrefu dereva aingize gia ndogo na kuiacha injini ishike motokaa, wala asitegemee breki peke yake.

Chini bondeni joto liliwapokea kama mlango wa tanuri uliofunguliwa. Huko miembe huzaa sana, na maembe huuzwa kando ya barabara. Mto Kerio hupita katika mwanya mwembamba wa mawe mahali paitwapo Chebloch, na vijana wa hapo hujirusha majini kutoka juu ya miamba, wageni wakitazama kwa hofu. Bwana na Bibi walitazama kidogo, wakanywa maji, wakaanza kupanda ng'ambo ya pili. Kabla ya kufika Kabarnet rejeta ilichemka, ikawa lazima wasimame tena. Kila msafiri apitaye njia hii na achukue maji mengi: ya kunywa, na ya motokaa.

KWA NINI UDONGO NI MWEKUNDU

Kabarnet, makao makuu ya Baringo, iko juu ya vilima vya Tugen, na hewa yake ni ya baridi kidogo. Vilima hivi ni vya kale mno. Mwaka 2000 wataalamu Martin Pickford na Brigitte Senut pamoja na wenzao walichimbua humo mifupa ya kiumbe aliyeishi kama miaka milioni 6 iliyopita, wakamwita Orrorin tugenensis. Ni mmoja wa viumbe wa kale kabisa wanaodhaniwa kuwa katika ukoo wa binadamu. Mvua iliyofunua mifupa hiyo ndiyo hiyo hiyo inayochukua udongo wa watu. Kwa mtaalamu wa mifupa mmomonyoko ni rafiki. Kwa mkulima ni mwizi.

Kutoka Kabarnet barabara hushuka kama kilomita 40 mpaka Marigat, na hapo ndipo wekundu wenyewe huonekana. Kando zote mbili za njia nchi ni nyekundu kama tofali lililochomwa. Mahali pengine udongo umesimama kama nguzo na kuta, umechongwa na maji, na mizizi ya miti inaning'inia hewani. Mtu akiona asubuhi au jioni, jua likiwa chini, hapana budi kusema ni mahali pazuri. Bwana alisimamisha motokaa, akapiga picha nyingi.

Wekundu huo ni kutu. Miamba iliyotoka katika moto wa chini ina chuma ndani yake, na chuma kikipata maji na hewa kwa miaka mingi huota kutu, sawa na jembe lililoachwa nje. Kwa hiyo udongo mwekundu si udongo mbaya. Mashamba mengi mazuri ya Kenya ni mekundu. Ubaya hauko katika rangi. Uko katika kukosa kitu cha kuufunika. Mvua ya nchi hii huja kwa ghafula na kwa nguvu. Ikikuta nyasi, huingia ardhini polepole. Ikikuta udongo mtupu, matone hupiga uso wa nchi yakaufanya mgumu kama sakafu. Maji hayaingii, hukimbia, na yakikimbia hayaendi mikono mitupu.

SHAMBA LA URITHI

Baba mdogo wa Bibi aliwapokea chini ya mti wa mgunga. Baada ya salamu ndefu, habari za watoto, na chai, aliwachukua kwenda kuona shamba. Bibi alitembea mbele akitafuta alama alizozikumbuka. Hakuiona hata moja. Mahali alipokuwa akichunga mbuzi za baba yake palikuwa na korongo refu, na mti uliokuwa mpaka wa shamba ulisimama ukingoni, nusu ya mizizi yake iko nje.

"Binti yangu," mzee alisema, "nilipokuwa kijana korongo hili nililiruka bila kuvua viatu. Leo motokaa yenu ingeingia humo ikafichika."

Bwana hakusema neno. Alikuwa amekuja na maneno mengi ya kuonyesha ya kuwa shamba halifai, lakini alipoona uso wa bibi yake aliyaweka.

Watu wapitao barabarani hudhani nchi hii iliumbwa jangwa. Sivyo. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani ilikuwa ikipumzika kusini mwa Ziwa Baringo ili kununua chakula, kwa maana Wailchamus, ambao wageni waliwaita Wanjemps, walikuwa na mifereji ya kunyweshea mashamba, na nafaka yao ilitosha kulisha wapagazi mamia. Nchi iliyokuwa ghala ya misafara haikuwa jangwa.

Yaliyoibadilisha ni mambo mengi pamoja. Baadhi ya malisho ya wakati wa kiangazi yaliingizwa katika mashamba ya walowezi, na mifugo ikasongamana mahali padogo. Ukame na nzige wa miaka ya mwisho ya 1920 na ya mwanzo ya 1930 vilimaliza nyasi. Mwaka 1937 Bwana Colin Maher wa Idara ya Kilimo aliandika taarifa nzito juu ya mmomonyoko wa udongo katika nchi ya Wakamasia, Wanjemps na Wasuk wa Mashariki, kama walivyoitwa wakati huo. Siku zile lawama nyingi zilitupwa juu ya mbuzi na wenye mbuzi; siku hizi wataalamu wa historia huonyesha ya kwamba mtu aliyenyang'anywa nusu ya malisho yake hawezi kulaumiwa peke yake kwa kuila sana nusu iliyobaki. Hata hivyo, udongo haujui hukumu hizo. Bandu bandu huisha gogo.

Dawa nazo zimejaribiwa, nyingine zikazaa ugonjwa. Katika miaka ya 1980 mti wa kigeni uitwao mathenge ulipandwa karibu na Marigat ili ushike udongo na kutoa kuni. Ulishika udongo kweli, lakini ulishika na malisho na njia pia. Miiba yake hutoboa magurudumu, na maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi. Wailchamus waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani awe ushahidi.

ZIWA LENYE RANGI YA CHAI

Usiku wa Jumamosi Bwana na Bibi walilala Kampi ya Samaki, kama kilomita 20 kutoka Marigat, kando ya Ziwa Baringo. Ziwa hili ni la maji matamu ingawa halina mto unaoonekana ukitoka. Inadhaniwa maji hupenya chini ya ardhi kuelekea kaskazini. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010 lilianza kupanda, na mwaka 2020 lilipanda sana, likafunika hoteli, shule na nyumba za watu wengi, wakahamia mahali pa juu. Miti iliyokufa bado ilionekana imesimama majini, ndege wakikaa juu yake.

Jua lilipokuwa likizama, Bibi alichota maji kwa mkono wake. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akayaacha yateremke kati ya vidole, na kiganjani pakabaki unga mwembamba, mwekundu.

"Baba watoto," alisema, "shamba la baba liko humu."

Bwana alitaka kusema ya kuwa mito ni mingi na haiwezekani kujua. Akaona si wakati wake. Usiku huo hawakuzungumza juu ya mnunuzi.

NYASI NDANI YA UA

Jumapili, baada ya ibada ya asubuhi, mwenye nyumba ya wageni aliwaambia wasiondoke kabla ya kuona mashamba ya nyasi. Karibu na ziwa liko shirika liitwalo RAE, lililoanza kazi mwaka 1982 kwa kusudi la kufufua nchi iliyokufa. Njia yao ni rahisi kueleza, si rahisi kutenda. Huzungushia ua sehemu iliyoharibika kabisa. Hulima makingo madogo ili maji ya mvua yasimame badala ya kukimbia. Hupanda mbegu za nyasi za asili ya hapa hapa. Kisha huzuia mifugo mpaka nyasi zishike. Baadaye wenye shamba hukata nyasi za kulisha na kuezekea, huvuna mbegu na kuziuza, na hunenepesha ng'ombe wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa haba na bei iko juu.

Bwana na Bibi walisimama penye ua mmoja. Upande wa nje udongo ulikuwa mwekundu na mtupu, umepasuka. Upande wa ndani, chini ya jua lile lile na mvua ile ile, nyasi kavu za rangi ya dhahabu zilifika magotini. Hapakuwa na bomba la maji wala mtambo wowote. Palikuwa na ua na subira.

Bwana, ambaye ni mtu wa hesabu, alitoa daftari yake. Alimwuliza mchungaji mmoja aliyekuwa akipita: ua hudumu muda gani? Mvua ikikosa, mbegu hupotea? Nani hulinda usiku? Mchungaji alijibu yote bila kuficha. Mvua ikikosa, mbegu hupotea, na mtu hupanda tena. Ua ukiachwa wazi siku moja, mbuzi humaliza kazi ya mwaka. Na ulinzi ni wa mwenye shamba. Hakuna awezaye kumlindia asiyejali.

NENO LA MZEE

Njiani kurudi walipita tena kwa baba mdogo, na hapo palikuwa na neno gumu kuliko yote. Kwa miaka ishirini mbuzi walioonekana katika shamba lile walikuwa ni mbuzi wa mzee mwenyewe. Kuzungushia ua maana yake ni kumfungia nje mtu aliyelinda mpaka wakati wenyewe hawapo.

Bibi alipiga magoti kidogo kama desturi ya kusema na mzee, akasema, "Baba mdogo, nataka kuanza na robo ya shamba, ile ya juu ya korongo. Robo hiyo isiingie mnyama mpaka nyasi zikomae. Nyasi zikikatwa, nusu ni yako. Lakini ukisema hapana, sitaweka hata kigingi kimoja."

Mzee alinyamaza muda mrefu, akichora mchanga kwa fimbo yake. Mwisho alisema, "Binti yangu, mbuzi zangu zimekula nyasi za ndugu yangu mpaka mzizi, na sasa hazina cha kula. Weka ua. Mimi nitatafuta pengine kwa misimu miwili. Lakini msiniwekee ua kisha mkanitumia salamu kutoka Eldoret. Njoni mlime na mikono yenu."

Bwana ndiye aliyejibu. Alisema watakuja kabla ya mvua za masika, na watoto watakuja nao.

Walipanda genge la Elgeyo kabla ya giza, kwa maana si busara kusafiri usiku katika njia hizi. Itakumbukwa pia ya kwamba mwezi wa Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu kadha za kaunti za Baringo, Elgeyo-Marakwet na jirani zake kuwa zenye hatari kwa sababu ya wezi wa mifugo wenye silaha; kwa hiyo mtu atakaye kufuata safari hii na aulize polisi na wenyeji kwanza, wala asiiache barabara kuu kuelekea kaskazini bila habari.

Walipofika Iten ubaridi uliwarudia, wakavaa sweta zao. Bibi alisema, "Na dari je?" Bwana akajibu, "Dari itangoje. Tumelala bila dari miaka minne, hatujafa." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini ya kwamba shamba ni la Bibi, na neno la kumjibu mnunuzi ni lake. Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda hospitali kazini, Bibi alimpigia mnunuzi simu, akamshukuru, akamwambia shamba haliuzwi.

Hakuna ajuaye bado kama robo ile itaota nyasi. Mvua ina mapenzi yake, na miaka ya kungoja ni mirefu kwa wenye karo za kulipa. Lakini mtu aliyekaa Kapsoya bila kwenda kuona angeuza kwa bei ya dari kitu ambacho baba yake alikihesabu kuwa ni mali. Wako wengi mijini leo ambao mashamba ya wazee wao yanakwenda ziwani kidogo kidogo, nao hawajui, kwa kuwa hawaendi. Mwisho wa juma mmoja, motokaa nzima, maji ya kutosha, na mwenzi wa kusemezana naye njiani, si gharama kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa hauonekani na mtu aliye mbali.